Kuzorota kwa makula: kinga ya mwili inavyofanya kazi ndani ya jicho kabla mzee hajaona dalili

Mzee akipishana na jirani njiani bila kumsalimu, watu husema ana kiburi, au kwamba uzee umemwingia kichwani. Huenda hakuuona uso wa jirani yake. Njia anaiona, mti ulio pembeni anauona, hata kuku anayekatiza anamwona, lakini pale katikati anapoelekeza macho, pale ulipo uso wa mtu, pana ukungu au doa. Nawe ukimtazama machoni huoni kasoro. Jicho halina wekundu, halitoi tongotongo, na mboni ni nyeusi kama kawaida, tofauti na ya mwenye mtoto wa jicho lililokomaa ambayo hugeuka nyeupe. Haumwi popote. Ndiyo maana nyumbani wanamwambia, "Mbona macho yako mazima?"

Moja ya maradhi yanayoweza kumfikisha hapo ni kuzorota kwa makula kutokana na umri. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50, na watafiti walikadiria kwamba kufikia mwaka 2020 watu wapatao milioni 196 duniani wangekuwa nao, wengi wao katika hatua ya mwanzo. Hatua hiyo ya mwanzo ndiyo tunayoieleza hapa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe kwa kawaida haijui. Anasoma, anashona, anahesabu pesa. Lakini ndani ya jicho lake kinga ya mwili, ile ile inayopambana na malaria na vidonda, imeshaanza kazi mahali ambapo hakuna mdudu wa kupigana naye, na mashine za kisasa zinaweza kuziona nyayo zake.

Makula ni sehemu gani ya jicho?

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka habari ubongoni. Huitwa retina, na baadhi ya wahudumu wa afya huuita pazia la jicho. Katikati ya pazia hilo kuna eneo dogo, upana wake milimita 5 na nusu hivi, liitwalo makula. Jina hilo halina uhusiano wowote na kula. Limetoka Kilatini, na maana yake ni doa.

Kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele, kutambua sura, kuona tarakimu za simu, hizo zote ni kazi za makula. Sehemu nyingine za retina huona pembeni na hushtuka haraka kitu kinapotembea, lakini hazisomi. Kwa hiyo mtu ambaye makula yake imeharibika kabisa haingii katika giza totoro. Anaweza kutembea uani kwake bila kushikwa mkono, ila akipewa noti hajui kama ni ya elfu moja au elfu kumi.

Chini ya retina kuna safu moja ya seli zenye rangi nyeusi-nyeusi. Kazi yao ni ya kutunza. Seli zinazopokea mwanga huchakaa, na kila siku ncha zake hukatika ili ncha mpya ziote. Seli hizo za rangi huzimeza ncha zilizokatika na kuzisaga. Kazi hiyo haina siku ya mapumziko tangu mtu anapozaliwa. Chini ya seli za rangi upo utando uitwao utando wa Bruch, kwa jina la mtaalamu wa Ujerumani aliyeueleza katika karne ya 19, na chini ya utando huo ipo mishipa midogo ya damu inayoleta chakula na kuondoa taka.

Miaka inavyosonga, utando wa Bruch huwa mnene na taka hazipiti vizuri. Mafuta na protini huanza kujikusanya kati ya utando na seli za rangi, yakifanya vidoa vya njano vinavyoitwa druseni. Kidoa kimoja kimoja kidogo hakina neno. Ni kama mvi. Madaktari wanapopima, druseni chini ya mikromita 63, yaani chini ya sehemu 63 katika elfu za milimita moja, huhesabiwa kuwa uzee wa kawaida. Kuanzia 63 hadi 125 wanasema ni hatua ya mwanzo ya ugonjwa. Zikizidi 125, au rangi ya makula ikianza kuvurugika, hiyo ni hatua ya kati. Zaidi ya hapo ndipo panakuja hatua ya mwisho, yenye sura mbili. Aina kavu huua seli polepole na kuacha mabaka yanayopanuka kama ramani. Aina ya majimaji huotesha mishipa mibovu ya damu chini ya retina, nayo huvuja na inaweza kuharibu makula ndani ya wiki au miezi.

Kinga ya mwili inaingiaje hapo?

Ukijikata kidole, baada ya muda pale panakuwa pekundu, panavimba, panapata joto na panauma. Hiyo ni kinga ikiwa kazini: damu imeongezeka na chembe nyeupe zimefika kula vijidudu na seli zilizokufa. Kwenye kidole, uvimbe wa siku tatu si kitu. Ndani ya retina, uvimbe kama huo unaweza kuangamiza seli ambazo haziwezi kuota tena. Mwili una utaratibu wake wa kuituliza kinga ndani ya jicho. Mwaka 1948 mwanasayansi Peter Medawar wa Uingereza alieleza kwamba kipande cha ngozi ngeni kikipandikizwa ndani ya jicho la sungura kinaweza kuvumiliwa, wakati kikipandikizwa juu ya ngozi hukataliwa.

Lakini utulivu huo una mipaka, na hapa tunahitaji kukutana na kundi la protini liitwalo komplementi. Ziko zaidi ya 30, nyingi hutengenezwa na ini, na zinazunguka katika damu ya kila mmoja wetu. Mbelgiji Jules Bordet, mmoja wa waliozitambua kazi zake mwanzoni kabisa, alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Zifananishe na sungusungu wa kijiji. Hazingoji kuitwa, kila usiku zinapita njiani, zikimulika kila zinayekutana naye. Zikimkuta mgeni, yaani bakteria, zinamtia alama, zinapiga filimbi kuwaita wenzao, kisha zinamtoboa mwilini mpaka anakufa. Shida ya sungusungu ni kwamba usiku kuna giza, na mwenyeji naye anaweza kupigwa. Kwa hiyo lazima awepo mzee anayetembea nao na kusema, "Huyu ni wetu, mwacheni." Katika mwili wa binadamu, mmoja wa wazee hao ni protini iitwayo fakta H. Inajibandika juu ya seli zetu na kuizuia komplementi isizishambulie.

Watafiti nchini Marekani, akiwamo Gregory Hageman, walipochunguza macho yaliyotolewa na watu baada ya kufa, walikuta kwamba druseni si taka tupu. Ndani yake mlikuwa na protini za komplementi. Sungusungu walikuwa wamefika.

Kisha mwaka 2005 makundi manne ya watafiti wa Marekani yalitangaza karibu kwa pamoja kwamba watu wengi wenye ugonjwa huu wana badiliko moja katika jeni inayotengeneza fakta H. Ni badiliko dogo mno. Katika mnyororo mrefu wa protini hiyo, kiungo cha 402 ni histidini badala ya tirosini. Mzee wa kijiji bado yupo, ila sauti yake haisikiki vizuri. Katika watu wenye asili ya Ulaya, aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama pia ana uwezekano wa kuugua mara kadhaa kuliko asiye nalo. Kurithi peke yake hakutoshi. Wapo wenye badiliko hilo wanaofika miaka 90 wakisoma bila shida, na wapo wasio nalo wanaougua. Uvutaji wa sigara nao una uzito mkubwa: mvutaji ana uwezekano wa kupata hatua ya mwisho mara mbili au zaidi ya asiyevuta.

Kuna askari wengine tena, seli ziitwazo maikroglia. Hizi huishi ndani ya retina yenyewe, katika matabaka ya juu, zikinyoosha na kukunja mikono yake kukagua majirani. Katika jicho lenye afya hazionekani kule chini kwenye seli za rangi. Katika jicho la uzeeni, na zaidi katika jicho lenye ugonjwa huu, zinashuka na kujikusanya huko. Bado wataalamu wanabishana: je, zinashuka ili kusafisha, na kwa hiyo ni za kushukuru, au zikifika ndizo zinazoleta moto? Kuna ushahidi wa pande zote mbili, na huenda jibu likategemea ni hatua gani ya ugonjwa.

Je, huu ni upungufu wa kinga?

Hapana, na swali hili linastahili jibu lake peke yake, kwa kuwa kwetu neno kinga limezoeleka pamoja na UKIMWI. Kuzorota kwa makula hakutokani na upungufu wa kinga wala hakuambukizi kwa kugusana, kwa taulo, wala kwa kulala chumba kimoja. Tatizo ni karibu kinyume chake: kinga inafanya kazi pasipohitajika, na breki zake ni hafifu. Mtu anayepita mnadani akiuza dawa ya "kuongeza kinga" kwa ajili ya macho ya wazee hana anachokitibu hapa. Matone ya dawa ya macho nayo hayatibu ugonjwa huu, hata yawe ya bei gani.

Mashine zinaona nini?

Mpaka katikati ya karne ya 19 hakuna daktari aliyekuwa na njia nzuri ya kuiona retina ya mtu aliye hai. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kumulika ndani kupitia mboni, na kifaa cha jamii hiyo bado kipo mfukoni mwa madaktari wa macho. Baadaye ikaja kamera ya retina. Picha yake ni ya rangi: duara la rangi ya chungwa lenye mishipa, na druseni zikionekana kama punje za njano katikati. Wagonjwa wengi wa kisukari wameshapigwa picha hiyo kliniki, na mara nyingine ndipo mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana druseni, ingawa alikwenda kwa ajili ya sukari.

Picha hiyo ya kawaida si ya kudharauliwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa njia rahisi ya kukadiria hatari kwa kuitumia. Kila jicho linahesabiwa alama moja likiwa na druseni kubwa, na alama nyingine rangi ikiwa imevurugika. Mwenye alama 0 kwa macho yote mawili, chini ya mtu 1 kati ya 100 walifika hatua ya mwisho ndani ya miaka 5. Mwenye alama 2, walikuwa kama 12 kati ya 100. Mwenye alama zote 4, karibu nusu. Waliopimwa walikuwa Wamarekani, wengi wao Wazungu, kwa hiyo kwetu hesabu hiyo ichukuliwe kama mwongozo tu.

Mashine iliyobadilisha mambo ni ile inayojulikana kwa herufi OCT, iliyotangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Boston, Marekani. Inafanya kazi kwa wazo linalofanana na la altrasaundi ya wajawazito, ila badala ya sauti inatumia mwanga ambao karibu hauonekani kwa macho. Mgonjwa anaweka kidevu mahali pake, anatazama nukta, na baada ya sekunde chache imekwisha. Haichomi wala haigusi jicho. Inachotoa ni picha ya retina iliyokatwa kwa upande, kama mtu aliyekata keki ili aone matabaka, na inaweza kutofautisha vitu vilivyoachana kwa mikromita 5 hadi 7. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara kumi hivi.

Kwenye picha ya OCT druseni huonekana kama vilima chini ya safu ya seli za rangi. Mashine inaweza kupima ujazo wa vilima hivyo na kulinganisha na mwaka uliopita. Hapa kuna jambo linalowachanganya wagonjwa: mara nyingine vilima hupungua au hutoweka, na mtu anafurahi. Huenda ni habari njema, lakini mara nyingi kilima kikiporomoka ni kwa sababu seli zilizokuwa juu yake zimekufa, na baka la aina kavu linafuata. Kwa hiyo daktari akiona druseni zimepungua hakimbilii kupongeza. Anatazama kwanza kama safu zilizo juu zimebaki nzima.

Alama ya pili ni vitone vinavyong'aa ndani ya retina, juu ya vilima. Mwanzoni wengi walidhani kila kitone ni seli ya kinga iliyohama. Macho ya watu waliofariki yalipokatwa na kutazamwa kwa darubini, ilionekana kwamba vingi ni seli za rangi zilizoacha nafasi zao na kupanda juu, na baadhi ndizo seli za kinga. Vyovyote iwavyo, jicho lenye vitone hivyo lina hatari zaidi ya kusonga mbele kuliko lisilo navyo, na ni moja ya alama ambazo daktari huzitafuta kwanza.

Alama ya tatu ni taka za aina nyingine, zilizolala juu ya seli za rangi badala ya chini yake. Kwenye picha ya rangi hazionekani vizuri, na kabla ya OCT zilipitwa mara nyingi. Wenye taka hizi huwa na shida ya kuzoea giza. Ukitoka juani saa saba mchana na kuingia nyumba isiyo na dirisha, macho ya mtu wa kawaida yanatulia baada ya muda mfupi. Yao yanachelewa sana. Mzee anayelalamika kwamba jioni haoni vyombo vyake ilhali mchana anaona vizuri anastahili kusikilizwa. Upungufu wa vitamini A na mtoto wa jicho pia huleta shida ya usiku, hivyo apimwe, asikadiriwe.

Iko pia picha inayotumia mwanga wa buluu kuzifanya taka zilizo ndani ya seli za rangi ziwake zenyewe. Penye seli zilizokufa panakuwa peusi. Na katika miaka ya karibuni watafiti wameweza, kwa OCT, kuona juu ya uso wa retina seli zinazofanana na zile za kinga, ndani ya jicho la mtu aliye hai anayezungumza nao. Bado ni kazi ya maabara, haijawa kipimo cha kliniki. Lakini kwa mara ya kwanza inawezekana kutumaini kwamba kinga ya jicho itafuatiliwa mwaka hadi mwaka bila kungoja mtu afe ndipo jicho lake likatwe.

Kwetu Afrika Mashariki hali ikoje?

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba nchini Marekani watu wenye asili ya Afrika hufika hatua ya mwisho kwa uchache kuliko Wazungu. Lakini utafiti uliofanywa Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008 kwa watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na kuendelea ulikuta hatua ya mwanzo kwa mtu kama mmoja kati ya kumi, na hatua ya mwisho kwa kama mmoja kati ya mia. Wakulima na wafugaji wa Bonde la Ufa wamo, si watu wa mjini tu.

Hata hivyo tusipotoshe uzito. Mzee wa kijijini asiyeona vizuri, uwezekano mkubwa ni kwamba ana mtoto wa jicho au anahitaji miwani, na yote mawili yana tiba. Presha ya macho nayo ipo, na huiba uoni kuanzia pembeni. Asikae nyumbani akisema "ni hiyo makula niliyosikia redioni" kumbe operesheni fupi ingemrudishia macho.

Kuna dawa?

Kwa hatua ya mwanzo, hakuna. Tunalisema wazi kwa sababu zipo chupa nyingi za vidonge zenye picha ya jicho. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C na E, madini ya zinki na vingine kwa dozi kubwa ulipunguza kwa robo hivi hatari ya kufika hatua ya mwisho kwa walio hatua ya kati. Kwa walio hatua ya mwanzo haukuonyesha faida. Vidonge vyenye beta-karotini havifai kwa mvutaji au aliyewahi kuvuta, kwa kuwa vinaongeza hatari ya saratani ya mapafu. Toleo jipya la mwaka 2013 liliweka lutini na zeaksanthini mahali pake. Vitu hivyo viwili vimo katika mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki, mahindi ya njano na kiini cha yai. Vipo shambani.

Dawa za kuizuia komplementi nazo zimepita njia ngumu. Mwaka 2017 dawa moja iliyotumainiwa sana, lampalizumabu, ilishindwa katika majaribio mawili makubwa. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu dawa mbili nyingine kwa aina kavu ya hatua ya mwisho. Hudungwa ndani ya jicho mara kwa mara, na zinapunguza kasi ya baka kupanuka, hazirudishi kilichokufa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulikataa mojawapo, ukiona kwamba haikuthibitika kuwasaidia wagonjwa waone vizuri zaidi katika maisha yao. Huenda, na hii ni hoja ya watafiti wengi, dawa hizo zinaletwa nyumba ikiwa imeshaungua. Ndiyo sababu alama za mapema kwenye picha zina thamani: zinaweza kuonyesha nani ajaribiwe dawa wakati paa bado ni zima.

Aina ya majimaji ndiyo yenye tiba ya kweli leo. Ni sindano za jicho zinazozuia mishipa mibovu, na mojawapo, bevacizumabu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Masharti yake ni kuwahi. Kovu likishajijenga, sindano haina la kufanya.

Kujipima nyumbani

Daktari wa Uswisi Marc Amsler alibuni kipimo cha miraba ambacho hadi leo madaktari huwapa wagonjwa waende nacho. Daftari la hesabu la mwanafunzi linatosha. Weka nukta nyeusi katikati ya ukurasa. Vaa miwani ya kusomea kama unayo, kaa penye mwanga, shika daftari umbali wa rula moja ya shule. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama nukta tu, na ujiulize: mistari inayozunguka imenyooka? Kuna mahali imepinda, imefutika au imeingia ukungu? Kisha jicho la pili. Kuziba jicho moja ndiyo kiini cha kipimo, kwa sababu jicho zima huficha ubovu wa mwenzake, na mtu anaweza kukaa miezi bila kujua. Asiyekuwa na daftari atumie nondo za dirisha au fremu ya mlango. Mara moja kwa wiki inatosha kwa aliyeambiwa ana druseni.

Mistari iliyokuwa imenyooka ikipinda ghafla, nenda hospitali yenye daktari wa macho ndani ya siku chache, hata kama ni wakati wa mavuno. Ukifika mapokezi sema maneno haya: "Mistari imeanza kupinda katika jicho moja." Ukisema tu "sioni vizuri" unaweza kupangwa foleni ya miwani.

Simu yako inaweza kusaidia kiasi gani?

Kamera ya kawaida ya simu haiwezi kupiga picha ya makula. Mboni ni tundu dogo, na inahitajika lenzi maalumu mbele ya kamera. Kifaa cha namna hiyo, pamoja na programu ya kupima uoni kwa simu, vilitokana na kazi ya utafiti ule ule wa Nakuru, na vinatumiwa na wahudumu waliofunzwa. Programu inayodai kukupima makula kwa kujipiga picha ya uso, iache.

Kuna kazi moja ambayo simu ya familia inaifanya vizuri. Alama tulizozieleza zina maana zaidi zikilinganishwa, za leo na za mwaka jana, na karatasi za hospitali hupotea, hulowa, huliwa na mchwa. Mzee akipigwa picha ya retina au OCT, omba uoneshwe majibu na uyapige picha kwa simu, macho yote mawili, pamoja na tarehe. Zihifadhi pia kwenye simu ya ndugu wa pili. Akienda tena, hata kama ni hospitali nyingine katika mkoa mwingine, daktari atakuwa na pa kuanzia.